Agano Lisilouzwa Mara Mbili: Uhakiki wa Usomaji wa Yeremia 31 na Warumi 9–11 katika Kiswahili cha Nakivale na Mbarara

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna dhana ya agano la Mungu na Wayahudi inavyosomwa na kuhubiriwa kwa Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na katika mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Inadaiwa hapa kwamba usomaji unaolihamisha agano hilo kutoka kwa Wayahudi na kulikabidhi kwa kanisa, au kwa jamii fulani ya Maziwa Makuu, unakinzana na matini yenyewe na kulidhoofisha tumaini ambalo msikilizaji mkimbizi analitafuta humo. Ushahidi unatolewa katika msamiati wa tafsiri za Kiswahili na lugha jirani, katika historia ya Uganda, na katika kumbukumbu ya makazi yenyewe. Hoja kadhaa zinawalenga pia wanaotunga ujumbe wa Kiswahili kwa ajili ya wakimbizi.

Maneno ya msingi: agano, Wayahudi, ukimbizi, tafsiri ya Biblia, Nakivale

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokuwa wakiikimbia Rwanda walipopewa ardhi kandokando ya ziwa lenye jina hilo. Leo yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, na yanahifadhi zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili ndicho kinachowawezesha Mkongo na Mrundi kusikilizana sokoni, kwenye foleni ya mgao na ibadani. Ibadani ndiko neno Israeli linakotamkwa mara nyingi kuliko jina la nchi yoyote walikotoka waumini.

Makala haya hayakutokana na dodoso wala hesabu ya mahubiri. Ni uhakiki wa matini na wa mazoea ya kuisoma matini hiyo, mazoea ambayo yeyote aliyeketi katika makanisa ya mabati na turubai ya Nakivale, au katika mikutano ya injili mjini Mbarara, atayatambua. Nimeyagawa katika namna tatu. Ya kwanza husema: sisi wakimbizi ni kama Israeli. Ya pili husema: kanisa ndilo Israeli sasa, na Wayahudi wamepoteza nafasi. Ya tatu, isiyosemwa mimbarani kwa sauti kubwa lakini inayosemwa nyumbani, hudai: ukoo wetu ni Israeli kwa damu. Namna ya kwanza nitaitetea kwa masharti. Mbili zilizobaki nitazikosoa, na ya tatu kwa ukali zaidi, kwa kuwa katika eneo hili imewahi kuua.

Kuna atakayeuliza kwa nini mkutano wa Kiswahili ujishughulishe na teolojia ya Wayahudi. Jibu langu ni kwamba swali la kama Mungu huwatupa watu aliowachagua si la Wayahudi peke yao. Mtu aliyekaa miaka kumi na mitano akingoja hatima ya faili lake analiuliza kila Jumapili, hata kama halitamki hivyo.

2.0 Neno agano na majirani zake

Wafasiri wa Kiswahili walikuwa na maneno mawili karibu. Neno ahadi lilitokana na Kiarabu, na ndilo ndugu wa neno ambalo Biblia za Kiarabu hulitumia kwa agano lenyewe. Neno agano lilitokana na kitenzi cha Kibantu, kuaga, katika kauli ya kutendana. Tangu tafsiri ya Agano Jipya iliyosimamiwa na Edward Steere Unguja, hadi Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 na Habari Njema ya miaka ya 1990, ni agano lililoshinda. Ahadi ilibaki na kazi ya upande mmoja: mtu hutoa ahadi, na ahadi ni deni. Agano linahitaji wawili.

Kuagana kuna maana mbili ambazo mzungumzaji wa leo huziona kama zimetengana: kupeana kwaheri na kupatana. Methali ya ukitaka kuruka agana na nyonga imehifadhi maana ya pili. Mgeni anayejifunza lugha hufikiri kwanza kwamba mrukaji anaaga nyonga zake. Maana hizo hazikukutana kwa bahati. Watu wanaoachana ndio wenye haja ya kupatana, kwa kuwa hawataonana tena ili kukumbushana. Yakobo na Labani, katika Mwanzo 31, wanarundika mawe, wanafanya agano, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa tafsiri zetu, na Nakivale ni mahali pazuri pa kulianzia. Msikilizaji wa Kinyarwanda au Kirundi huliita agano isezerano, nalo limetoka katika kitenzi gusezera, yaani kuaga. Kusezerana ni kuagana, na ni kuapiana pia. Ndilo neno la wanaooana. Kwa hiyo Mrundi anaposikia agano kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba neno hilo lina kwaheri ndani yake. Lugha yake imekwisha kumwambia. Na kwa mtu aliyeondoka nyumbani usiku bila kuaga, neno hilo lina uchungu ambao mfasiri wa Unguja hakuweza kuukusudia.

Ukipanda gari kutoka Nakivale hadi Mbarara, neno linabadilika. Katika Runyankore-Rukiga, kama ilivyo katika Luganda, agano ni endagaano, na Agano Jipya ni Endagaano Ensya. Lakini endagaano ni karatasi pia. Ni ile karatasi inayoandikwa mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa kijiji, mtu anapouza kiwanja au shamba la migomba. Ina jina la muuzaji, jina la mnunuzi, kiasi cha fedha na alama za mipaka. Mtu wa Mbarara anayeingia kanisani Jumapili huenda amesaini endagaano Ijumaa.

Ninashuku kwamba hapa ndipo usomaji wa namna ya pili unapopata nguvu yake ya kimyakimya. Ikiwa agano ni hati ya mauziano, basi linaweza kuhamishwa. Mnunuzi wa kwanza akishindwa kumaliza malipo, muuzaji atamtafuta wa pili. Hivyo ndivyo wahubiri wengi wanavyolieleza suala la Israeli: Wayahudi walipewa kiwanja, walishindwa masharti, kiwanja kikauzwa upya kwa kanisa. Lakini kila mtu wa Mbarara anajua pia jina la muuzaji anayefanya hivyo wakati mnunuzi wa kwanza bado yumo ndani ya kiwanja na karatasi yake mkononi. Kesi za viwanja vilivyouzwa mara mbili zimewamaliza watu nguvu na fedha. Mhubiri anayemsifu Mungu kwa kuuza mara mbili hajasikia anachokisema.

Kiebrania hakina picha ya mauzo hapa. Husema kukata agano, karat berit, na katika Mwanzo 15 kinachokatwa ni wanyama. Anayepita kati ya vipande ni moto na moshi, huku Abramu akiwa amelala usingizi mzito. Upande mmoja umelala wakati hati inaandikwa. Kiswahili hakikuuchukua usemi huo, na sioni kosa: kukata agano kungesikika kama kulivunja. Ila hasara moja imetupata. Msomaji wetu haoni kwamba agano la Ibrahimu lilifungwa kwa namna ambayo kushindwa kwa mwanadamu hakuwezi kulifuta, kwa kuwa mwanadamu hakupita kati ya vile vipande.

3.0 Kale, kuukuu na jipya

Yeremia 31 ndiyo sura inayotajwa zaidi na watetezi wa namna ya pili, nayo ndiyo inayowashtaki. Agano jipya linaahidiwa humo kwa nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Hakuna mwingine anayetajwa. Sheria itaandikwa mioyoni mwao, na dhambi yao haitakumbukwa. Mahubiri huishia hapo, kwenye aya ya 34. Aya tatu zinazofuata husema kwamba maadamu jua, mwezi na nyota zinashika utaratibu wake, uzao wa Israeli hautakoma kuwa taifa mbele za Mungu. Mtu akisimama kwenye aya ya 34, agano jipya linakuwa la yeyote anayelidai. Akisoma hadi ya 37, ni lazima atoke nje usiku atazame juu kabla ya kusema kwamba Wayahudi wametupwa.

Hoja ya upinzani yenye uzito imo katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 8, nayo haifai kukwepwa. Mwandishi wake, baada ya kuinukuu sura hiyo ya Yeremia, husema kwamba kuliita la pili jipya ni kulifanya la kwanza kuwa limechakaa na kukaribia kutoweka. Hapa Biblia ya Muungano imefanya jambo ambalo lugha nyingi haziwezi: imetumia kuukuu. Jina la sehemu ya kwanza ya Biblia, kwa upande mwingine, limebaki Agano la Kale. Mzungumzaji mzuri wa Kiswahili hachanganyi maneno haya mawili. Nguo kuukuu hupangusia sakafu. Mambo ya kale huhifadhiwa, hurithiwa, huapiwa. Wafasiri wetu waliuacha uchakavu katika aya moja ya waraka mmoja, hawakuuweka juu ya jalada la vitabu 39. Sijui kama walifanya hivyo kwa kukusudia, na kwa hoja yangu haijalishi. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza swali ambalo msomaji wa Kiingereza hulipata kwa taabu: kilichochakaa katika Waebrania 8 ni nini hasa? Sura ya 9 na ya 10 zinajibu kwa kuzungumzia hema, makuhani na damu ya mafahali. Mada yake ni ibada ya dhabihu. Watu walioahidiwa katika Yeremia hawajatajwa kuwa kuukuu popote.

Na neno jipya? Kipya kinyemi kingawa kidonda. Tunapenda vitu vipya kiasi cha kutouliza vimetoka wapi. Lakini mzizi wa Kiebrania wa upya ndio uo huo wa mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama, hakuna mtu Lamu wala Kigoma anayesema kwamba ule wa zamani umetupwa na huu ni mwingine. Upya wa namna hiyo ndio ambao Yeremia anaufunga kwa utaratibu wa jua na mwezi.

4.0 Mzizi na tawi

Warumi 9 hadi 11 ni mahali ambapo Paulo, Myahudi, anaandika kwa watu wa mataifa waliokwisha kuanza kujivuna. Aliyejizoeza kuzisoma sura hizi kama nyongeza ndogo kati ya sura ya 8 na ya 12 anakosa kwamba waraka mzima unazielekea. Sura ya 8 inamaliza kwa kutangaza kwamba hakuna kitu kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Swali linalofuata ni la mtu mwerevu: mbona Israeli wanaonekana wametengwa? Kama Mungu aliwaahidi kisha akageuka, tangazo la sura ya 8 halina thamani ya karatasi lililoandikiwa.

Paulo anajibu kwa mfano wa mzeituni. Matawi kadhaa yamekatwa, tawi la mzeituni mwitu limepandikizwa mahali pao. Mkulima wa Isingiro, ambaye mali yake ni migomba, huotesha kwa machipukizi wala hana haja ya kupandikiza. Lakini mwenye miembe au miparachichi anaujua utaratibu huu. Katika Tanzania wakulima huuita kubebesha, na sijakutana na istilahi inayoifafanua Warumi 11:18 vizuri zaidi. Paulo anamwambia tawi geni kwamba si yeye anayeuchukua mzizi, mzizi ndio unaomchukua. Amebebeshwa. Mkulima atapinga kwamba Paulo ameupindua utaratibu, kwa kuwa kawaida kikonyo cha mti bora ndicho kinachobebeshwa juu ya shina la mti wa mwitu lenye kustahimili ukame, ila Paulo analijua hilo: katika aya ya 24 anakiri mwenyewe kwamba jambo hili ni kinyume cha asili. Tawi la mwitu halikuletwa ili kuuboresha mti. Halina cha kuuletea.

Sura inafika kileleni katika aya ya 29, inaposema kuwa karama na mwito wa Mungu havirudishwi nyuma. Neno la Kigiriki, ametameleta, lina maana ya kitu ambacho mtoaji hakijutii. Wafasiri wa Muungano walitumia majuto, nao walifanya vyema. Kiswahili kinajua kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye, baada ya mtu kuona matokeo ya alichokifanya. Paulo anadai kwamba Mungu ameyaona matokeo yote ya kuwachagua Wayahudi na mjukuu huyo hakuzaliwa.

Kwa hiyo mahubiri ya kuondolewa kwa Israeli yanakata tawi ambalo mhubiri mwenyewe amelikalia. Mkimbizi anahitaji kuambiwa kwamba Mungu hamwachi aliyemwita. Akiambiwa katika hotuba iyo hiyo kwamba Mungu aliwaacha waliotangulia kwa sababu walishindwa, ameambiwa mambo mawili, na usiku wa manane atalikumbuka la pili. Kendall Soulen (1996) ametofautisha aina tatu za fundisho hili: ile inayodai kuwa Wayahudi waliadhibiwa, ile inayodai kuwa kazi yao ilikwisha, na ile inayoisimulia Biblia kama kwamba hawakuwamo. Katika Nakivale ya tatu ndiyo inayoenea zaidi, na haina chuki yoyote ndani yake. Somo la watoto hutoka bustani ya Edeni likaruka moja kwa moja hadi Bethlehemu. Ibrahimu, akitajwa, ni mfano wa imani. Hana wajukuu walio hai leo wanaosali Jumamosi.

Kanisa Katoliki lilikwisha kulisemea jambo hili katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ambalo limejengwa juu ya Warumi 11. Mwaka 1980, akiwa Mainz nchini Ujerumani, Papa Yohane Paulo II aliwataja Wayahudi kama watu wa agano ambalo Mungu hakulitangua kamwe. Ningependa kuona mafundisho hayo yakitoka katika maktaba za seminari na kufika kwenye vigango vya makazi. Makanisa ya Kipentekoste yana udhaifu mwingine: yanaipenda Israeli sana, bendera yake hutundikwa madhabahuni, lakini mapenzi hayo huishia kwenye dola ya mwaka 1948 na vita vyake. Warumi 11 haina ramani. Anayekubali kwamba agano la Wayahudi linadumu hajalazimika kuidhinisha kila kinachofanywa na serikali, na Musa Dube (2000) ametuonya vya kutosha jinsi masimulizi ya kuingia Kanani yalivyotumiwa kuhalalisha unyakuzi katika bara hili. Onyo hilo lina maana ya karibu zaidi katika Isingiro, ambako wenyeji na makazi wamevutana kuhusu mipaka ya ardhi. Mkimbizi akijiita Israeli, ni nani anayebaki kuwa Mkanaani?

5.0 Damu

Namna ya tatu ina historia inayojulikana, na nitaipitia kwa ufupi kwa kuwa watafiti wengine wameieleza kwa upana. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake ambamo aliwatenga watawala wa eneo hili na watu wao, akidai asili yao ni Ethiopia. Dhana hiyo ya Wahamu ilifundishwa shuleni wakati wa ukoloni. Wapo Watutsi, wakiwamo waandishi wa ughaibuni, walioigeuza kuwa heshima, wakidai uzao wa Israeli. Adui zao waliigeuza kuwa hukumu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera alitoa hotuba iliyowataka Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, akitaja humo Wayahudi wa Ethiopia waliokuwa wamekwenda Israeli. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016.

Mtu anayedai agano kwa damu katika Maziwa Makuu anakubali hoja ya Mugesera na kupinga hitimisho lake tu. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mfano wa mzeituni mwitu unamlinda msomaji wa Nakivale: unampa nafasi kamili ndani ya tumaini la Israeli bila kumtaka ajifanye mgeni katika nchi ya babu zake.

Uganda yenyewe ina ushahidi kwamba kuna njia nyingine ya kuingia. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza na kujiona wamemlipa vibaya, alijiunga kwanza na kundi la Bamalaki. Akisoma Mwanzo 17, ambamo tohara imefungwa na agano linaloitwa la milele, aliuliza kwa nini jambo la milele liwe limekwisha. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa kuwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Mwaka 1919 alijitahiri na kuwatahiri wanawe. Alifariki mwaka 1928. Jumuiya yake, Abayudaya, iliendelea kuzunguka Mbale, ikapigwa marufuku na Idi Amin, na ilipofika mwaka 1979 waliobaki walikuwa wachache sana. Mwaka 2002 mamia kati yao waliongoka rasmi mbele ya baraza la marabi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akawa rabi, baada ya masomo Los Angeles.

Kakungulu alisoma vibaya mambo mengi, lakini neno la milele alilisoma kama lilivyoandikwa. Warithi wake nao hawakudai kwamba babu zao walitoka Yerusalemu. Walikwenda kwa wenye agano, wakaomba kuingia kwa mlango wenye bawabu. Inashangaza jinsi wahubiri wa Mbarara wanavyowazungumzia Wayahudi kama watu wa kitabuni, ilhali katika nchi hii hii wapo Wayahudi wanaoimba zaburi kwa Luganda.

6.0 Kukusanywa

Manabii hawakuahidi msamaha peke yake. Waliahidi kukusanywa. Yeremia 31 yenyewe, kabla ya kufika kwenye agano, inawaona vipofu, viwete na wajawazito wakirudi kwa makundi kutoka kaskazini. Ezekieli 37 inaanza na mifupa na kumaliza na kurejeshwa katika nchi. Kwa mtu anayejua yaliyotokea Gatumba, Burundi, tarehe 13 Agosti 2004, ambako zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, waliuawa, bonde la mifupa halihitaji kufafanuliwa kuwa ni sitiari.

Nakivale imeona makusanyiko kadhaa. Watoto wa wakimbizi wa mwaka 1959 waliingia vitani Oktoba 1990, na kufikia mwaka 1994 wengi wa jamaa zao walikuwa wamerudi Rwanda. Wapo waliokuita kurudi huko kutimia kwa unabii. Wengine walifika Nakivale kwa sababu ya kurudi huko. Kisha tarehe 14 Julai 2010, Wanyarwanda zaidi ya 1,700 katika Nakivale na Kyaka II walipandishwa malori kwa nguvu na kuvushwa mpaka. Wengi wao walikuwa wameitwa kukutana wakidhani watapewa majibu ya maombi yao ya hifadhi. Walikuwapo waliopoteza maisha wakijaribu kutoroka malorini.

Msikilizaji mwenye kumbukumbu hiyo anaposikia kwamba Mungu atawakusanya watu wake kutoka walikotawanywa, hupokea ujumbe wenye pande mbili. Niliwahi kumsikia mzee mmoja, baada ya ibada, akisema kwamba yeye angependa Mungu amwendee mmoja mmoja. Sijasoma ufafanuzi wa Yeremia ulionisaidia zaidi ya huo. Maana ukitazama tena, sura ile inatofautisha kukusanya na kuswaga: anayekusanya ni mchungaji, na mwendo umepimwa kwa mwenye mimba na aliyeshindwa kutembea. Kuna kulia njiani, na kuna maji. Hakuna anayeitwa kwa hila.

Ni hapa pia ambapo agano la Wayahudi linakataa kugeuzwa sitiari tupu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain aliwapa Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, leo nchini Kenya, katika mpango ambao bado unaitwa wa Uganda. Mkutano wao wa Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma wachunguzi, na miaka miwili baadaye mkutano uliofuata uliikataa ardhi yenyewe. Baadhi ya waliopinga kwa nguvu zaidi walitoka Urusi, ambako mauaji ya Kishinev yalikuwa yametokea mwaka huo huo. Mshauri wa sera anaweza kuona ukaidi hapo. Mimi naona watu waliojua tofauti kati ya hifadhi na nyumbani, na waliokataa kuambiwa na mwenye ramani kwamba ni kitu kimoja.

John Mbiti (1971), akichunguza Ukristo wa Wakamba, alionyesha jinsi nchi, mji na karamu za Maandiko zilivyochukuliwa kama vitu vya kushikika vilivyo mbali kidogo tu. Katika Nakivale nchi ya ahadi mara nyingi imekuwa Marekani, na Musa ni ofisa wa usajili. Sicheki. Wanaofanya hivyo wamefahamu kwamba ahadi ya Mungu kwa Wayahudi ilihusu mahali, miili na watoto, jambo ambalo wahubiri wengi waliosoma zaidi yao wamelisahau. Kosa lao ni dogo kuliko la mhubiri anayewaambia kwamba Kanani ni mbinguni na wasiulize zaidi.

7.0 Lugha ya matangazo

Yapo mambo mawili ya utekelezaji. La kwanza ni la wafasiri. Matoleo ya Kiswahili yajayo yenye maelezo ya chini yangeweza kuweka, kwenye Yeremia 31:31, rejeo la aya ya 35 hadi 37 na la Warumi 11:29, na kwenye Waebrania 8:13 maelezo kuhusu tofauti ya kale na kuukuu. Ni mistari minne ya maandishi madogo. Kazi hiyo ingefaa kushirikisha wasomaji wa Kirundi na Kinyarwanda kutoka makazini, kwa kuwa wao wanasikia katika agano kitu ambacho msomaji wa Dar es Salaam amekwisha kukisahau.

La pili ni la wanaoandika matangazo ya Kiswahili kuhusu kurejea kwa hiari. Msamiati wao, bila wao kujua, ni wa manabii: kukusanyika, kurejeshwa, nyumbani, ahadi. Tangazo linalowaita watu wa kijiji fulani wakusanyike uwanjani saa mbili asubuhi husomwa na jirani wa mtu aliyepandishwa lori mwaka 2010. Liandikwe kwa maneno mengine. Liseme ni nani anaita, kwa jambo gani, na kwamba asiyefika hatapoteza chochote. Na kama kweli atapoteza, lisiitwe la hiari.